Dakika ya Sitini na Saba

Mechi ilipokwisha, Uwesu hakuinuka jukwaani. Watu walimpita wakimgonga mabega, wengine wakifoka, wengine wameinamisha vichwa, naye ameketi tu, mikono juu ya magoti, akiirudia mechi kichwani. Zabibu Stars walihitaji sare tu ili wapande daraja. Hadi dakika ya sitini na saba walikuwa wanaongoza bao moja kwa bila, na wageni kutoka Singida walishachoka. Mabeki wao walikuwa wanashika viuno kila mpira ukitoka nje. Kisha Mwalimu Gerson, kocha wao, akamtoa Mudrick.

Mudrick ndiye aliyekuwa timu yenyewe. Kiungo, namba nane, kijana wa miaka ishirini na mbili kutoka Makutupora, ambako mama yake alifanya kibarua kwenye mashamba ya zabibu. Mpira ukifika mguuni kwake, wenzake wote walijua waende wapi. Siku hiyo hakuwa ameumia, hakuwa na kadi, na hakuonekana kuchoka. Alitoka akitembea taratibu, hakumpa mkono aliyeingia, akapitiliza moja kwa moja hadi vyumbani. Aliyeingia alikuwa Erick, beki wa kati, mrefu kama nguzo, hodari wa kupiga vichwa lakini asiyeweza kupiga pasi ya mita kumi. Dakika ya sabini na nane wageni wakasawazisha. Dakika ya themanini na tisa wakapata la pili.

"Ameiuza," mtu mmoja alisema nyuma ya Uwesu.

Hakugeuka kutazama ni nani. Lakini neno lile lilimwingia, na alipoondoka uwanjani aliondoka nalo.

Uwesu alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kilikuwa pembeni ya soko la Majengo, mabati manne na mwavuli uliochanika, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekaa hapo, chuma cha kupigia viatu katikati ya magoti na uzi mdomoni. Alikuwa Mrangi wa Haubi, huko Kondoa. Mpira hakuujua kwa kuucheza, aliujua kwa redio. Utotoni mwake nyumba yao ilikuwa na redio moja, na mtangazaji akisema winga anapanda kushoto, yeye alifumba macho akamwona anavyopanda, akamwona na beki anayemfuata, akaona hata nafasi iliyobaki wazi nyuma yao. Macho hayo ya kuona mpira asiouona ndiyo yaliyompa jina mjini. Mtu akiwa na swali la mpira, alikwenda kwa fundi Uwesu. Na katika miaka yote kumi na tisa hakuna aliyewahi kumsikia akijibu kwamba hajui.

Kesho yake saa saba mchana kijiwe kilikuwa kimejaa. Yotham, dereva wa bodaboda, alikuwa ameegesha pikipiki yake kivulini na kukaa juu yake kinyumenyume. Ritha, karani wa ofisi moja ya serikali, alikuja na chakula chake kwenye kopo, kama alivyofanya kila siku ya kazi; alikuwa na sauti ndogo, lakini hakukosa mechi hata moja, na alipozungumza wanaume walinyamaza kwa sababu alikumbuka kila kitu.

Uwesu alichukua kipande kikubwa cha mpira wa tairi, kile anachokatia soli, akakipigilia misumari midogo ya viatu, kumi na moja upande huu na kumi na moja upande ule.

"Huyu hapa Mudrick," akasema, akigusa msumari wa katikati. "Anapokea, anageuka, anatoa. Timu nzima inapumulia kwake. Sasa mtazameni Mwalimu wenu." Akaung'oa msumari na kuutupa kwenye kopo. Akachukua mwingine na kuupigilia nyuma, karibu na lango. "Amejaza mabeki. Katikati pamekuwa shamba lisilo na mwenyewe. Wageni wanapita hapa, hapa na hapa. Mtoto wa darasa la pili anaona."

"Tatizo si kumtoa," Ritha akasema, akitafuna. "Mchezaji yeyote hutolewa. Tatizo ni aliyeingia. Angeingiza kiungo mwingine, hata yule mdogo wa Msalato, tungebaki na watu watatu katikati. Kubadilisha mfumo wakati unaongoza na mwenzako hajakushambulia, hapo ndipo alipokosea."

"Hapana, dada Ritha. Kosa ni kumtoa. Hakuna kocha duniani anayemtoa Mudrick akiwa mzima, timu inaongoza, zimebaki dakika ishirini na tatu za kupanda daraja. Hayupo." Uwesu alisita kidogo. Watu walikuwa wanamtazama, wengi kuliko kawaida, wengine wamesimama hadi barabarani. "Labda kama kuna kitu nyuma ya pazia."

"Kitu gani, mzee?" Yotham akauliza.

"Mimi nashona viatu tu. Lakini jiulizeni, dakika ya sitini na saba Mwalimu aliona nini ambacho watu elfu tatu hatukukiona?"

Jioni hiyo alipiga simu kwenye kipindi cha michezo cha redio moja ya mjini, akauliza swali hilohilo hewani, kwa sauti yake nzito ya taratibu. Mtangazaji alicheka akaomba alirudie. Uwesu akalirudia, na safari hii akaongeza kwamba mechi inaweza kupotezwa na wachezaji, na inaweza pia kupotezwa na mtu aliyevaa suti ya mazoezi.

Baada ya wiki moja mji mzima ulikuwa na msemo mpya. Mtu akichelewa kazini aliambiwa amefanya sitini na saba. Muuza nyanya akipunguza kipimo, sitini na saba. Mwalimu Gerson hakuwa kocha wa kulipwa; alifundisha jiografia katika sekondari moja mjini na timu aliifundisha jioni. Akipita sokoni vijana walimpigia kelele kwa mbali: "Sitini na saba!" Darasani, akigeuka kuandika ubaoni, sauti moja ilinong'ona nyuma, na darasa zima likaziba midomo. Waandishi walipomwuliza kwa nini alimtoa Mudrick, alisema ulikuwa uamuzi wake na anaubeba mwenyewe.

Uwesu alisikia hayo yote kibandani, na hakuna siku aliyojisikia mkubwa kama siku hizo.

Jumatatu ya wiki ya pili, asubuhi, upepo wa Julai ukiwa umebeba vumbi na baridi, alikuta mtu amesimama mbele ya kibanda kabla hajafungua. Alikuwa Mudrick, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, mfuko wa plastiki mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema hivi?"

"Sikutaka kukutana na watu." Akatoa njumu zake. Ya kulia ilikuwa imeachama mbele, soli imetengana na ngozi. "Nilikuwa naomba unishonee. Mazoezi ni saa kumi."

Uwesu akamsogezea kigoda. Wachezaji wa Zabibu Stars aliwashonea njumu bila malipo, na alizijua zote kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake. Akaanza kusafisha gundi ya zamani kwa msasa. Alitaka kuuliza. Hii ilikuwa bahati ambayo kijiwe kizima kingemwonea wivu: mwenyewe yuko hapa, peke yake. Alikuwa anatafuta namna ya kuanza, Mudrick alipoinua kichwa.

"Baba, kuna kitu kinaungua?"

"Hapana. Hata kiberiti sijawasha."

"Nasikia harufu ya mpira unaoungua." Uso wa kijana ulikuwa umebadilika. Akainuka nusu, akamshika Uwesu mkono kwa nguvu. "Baba, naomba unifiche. Tafadhali, watu wasinione."

Hakumaliza. Macho yalipanda juu, mwili ukakakamaa, akaanguka kati ya kigoda na rundo la viatu, akaanza kutetemeka mwili mzima.

Uwesu hakupiga kelele. Mikono yake ilifanya kazi kabla kichwa hakijafikiri. Alisukuma chuma mbali, akavua koti lake akalikunja chini ya kichwa cha Mudrick, akamlegezea shingo ya jaketi, na mtikisiko ulipoanza kupungua akamgeuza ubavu, mkono nyuma ya mgongo ili asirudi chali. Kisha akavuta turubai la kibanda likashuka hadi chini.

Mkewe, Salma, alifika wakati huohuo na chupa ya chai. Alifunua turubai, akaona, akafunika tena nyuma yake.

"Nimpe maji?"

"Usimtie kitu mdomoni. Shikilia hapa tu." Akawa anahesabu kwa sauti ya chini.

Nje mtu aliuliza kama fundi yupo. Salma akajibu bila kutikisika, "Fundi anabadilisha nguo, rudi baadaye." Mtu akaenda.

Ilichukua kama dakika tatu. Kisha mwili ukalegea, pumzi zikawa nzito kama za mtu aliyelala. Salma alimfuta mate mdomoni kwa pindo la kanga yake.

"Wewe hii kazi umejifunzia wapi, Baba Abbasi?" akauliza polepole.

Walikuwa wameoana miaka ishirini na sita, na hakuwahi kumwambia. Alikuwa amemwambia kwamba dada yake Hamida alikufa kwa homa. Sasa, huku amemshika mtoto wa watu ubavu, alimwambia. Hamida alianza kuanguka akiwa na miaka tisa. Wanafunzi wenzake walimkimbia, baba yao akamtoa shule, na wageni wakija alifungiwa chumba cha nyuma. Uwesu, kaka mkubwa, ndiye aliyekuwa anamlaza ubavu. Alipoondoka kuja Dodoma kutafuta maisha, kazi hiyo haikuwa na mtu. Hamida alianguka akichota maji ziwa la Haubi, asubuhi, peke yake. Maji yenyewe yalikuwa ya magotini.

Salma alimwekea mkono begani, akauacha hapo.

Mudrick alipopata fahamu, kitu cha kwanza alichofanya ni kulitazama turubai. Alipoona limefungwa, alianza kulia.

Walimnywesha chai yenye sukari nyingi, taratibu, hadi akaweza kukaa. Akawaeleza. Kifafa kilimwanza akiwa sekondari. Dawa alikuwa nazo, hospitali alikuwa anakwenda, lakini zile dawa zilimfanya mzito, kwa hiyo siku mbili kabla ya mechi alikuwa anaziacha. Mwalimu Gerson ndiye pekee aliyejua, kwa sababu alimkuta amelala nyuma ya chumba cha vifaa msimu uliopita. Walifanya makubaliano. Akisikia ile harufu ya mpira unaoungua, inayomjia kabla ya kuanguka, avute soksi ya mguu wa kulia mara mbili.

"Siku ya Singida nilivuta," akasema. "Nilijua nina dakika chache. Mwalimu hakusubiri hata mpira ukae vizuri. Nilifika vyumbani, nikaanguka mlangoni."

Uwesu alikuwa ameshika njumu, hakujua aiweke wapi.

"Ningeanguka pale katikati, baba, watu elfu tatu wangenikimbia. Na mama yangu yupo jukwaani." Akajifuta macho. "Mwalimu aliniapia hatamwambia mtu. Nikimsikia anavyotukanwa nasema leo nitatangaza, leo nitatangaza. Nikifika mbele ya watu mdomo unakataa. Naomba na wewe usiseme. Najua wewe ni mtu wa kusema, lakini hili usiliseme."

"Sitasema," Uwesu akamjibu. "Lakini na wewe kuna kitu utafanya. Dawa huachi tena hata siku moja. Zikikulemea, rudi kwa daktari umwambie zinakulemea. Si kazi yako kujipunguzia."

Salma akaongeza, "Na wiki hii unakwenda. Mimi nitakusindikiza. Watu wakiniona na wewe watasema ni mwanangu ananisindikiza, mgonjwa ni mimi."

Mudrick akacheka kidogo. Kiatu kilishonwa siku hiyo kwa mshono maradufu, lakini mazoezini hakwenda. Salma alimlaza nyumbani kwao Chang'ombe hadi mchana, na Uwesu mwenyewe akampeleka kituoni kupanda basi.

Siku tatu baadaye Yotham na Ritha walikuja na barua. Wanachama sitini na wanne walikuwa wamesaini. Barua ilitaka viongozi wa timu wamwondoe Mwalimu Gerson, na ingesomwa Jumamosi kwenye mkutano wa wanachama.

"Msomaji ni wewe, mzee," Yotham akasema. "Mdomo ni wako. Tukimpa mtu mwingine itapoa."

"Sitaisoma."

Yotham alidhani anatania. Uwesu akachukua kile kipande cha tairi, ambacho misumari yake ilikuwa bado imesimama kama alivyoiacha, akaanza kuitoa mmojammoja. Akajaribu. Alisema pengine Mwalimu aliona wageni wanajiandaa kupiga mipira mirefu, akahitaji urefu nyuma. Alisema pengine Mudrick alikuwa amepunguza mbio kwa namna ambayo benchi tu ndilo lingeiona. Alisikia mwenyewe sauti yake ilivyokuwa nyepesi. Kila alichosema, Ritha alikuwa na jibu: mpira mrefu wa kwanza wa wageni ulipigwa dakika ya sabini na moja, baada ya mabadiliko, naye Mudrick alikimbia hadi pembeni dakika ya sitini na tano akapata kona.

"Wiki mbili umetufundisha kwamba mechi iliuzwa," Yotham akasema. Hakuwa anatabasamu tena. "Leo umegeuka. Amekuja kukuona? Amekuahidi nini?"

"Hakuna aliyekuja."

"Basi kuna nini?"

Uwesu akainama akatafuta sindano yake. Yotham alipiga kiki pikipiki akaondoka bila kuaga. Ritha alikunja barua, akaiweka kwenye mkoba, akabaki amemtazama fundi kwa muda, kisha naye akaenda.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule moja ya msingi, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Mwalimu Gerson hakuwapo. Barua ilisomwa na Yotham, akaisoma vizuri kuliko alivyotegemewa. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno.

Uwesu akasimama. Aliwahi kuongea mbele ya watu mara nyingi, lakini mara zote alikuwa anajua watacheka wapi.

"Nilisema redioni kwamba huenda mechi iliuzwa," akasema. "Sikuwa na ushahidi. Sikuwa na hata fununu. Niliona watu wananisikiliza, nikaendelea. Lile neno ni langu, na nalifuta. Mwalimu Gerson hakuuza mechi. Mkitaka kumwondoa kwa sababu tulifungwa, hiyo ni haki yenu. Lakini msimwondoe kwa neno langu."

Darasa lilinong'ona. Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Kwa hiyo kwa nini alimtoa Mudrick?"

Mudrick alikuwa amesimama dirishani kwa nje, pamoja na wachezaji wengine. Uwesu hakumtazama.

"Sijui," akasema.

Kicheko kikaanza upande wa nyuma kikasambaa hadi mbele. Fundi Uwesu hajui! Mtu akagonga dawati. Mwingine akapaza sauti, "Fundi naye kafanya sitini na saba!" na hapo hata mwenyekiti alishindwa kujizuia. Uwesu alisubiri hadi wanyamaze. Hawakunyamaza, akakaa.

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Kumi na wawili walitaka Mwalimu abaki, Ritha akiwa mmoja wao. Waliobaki wote walitaka aondoke.

Siku zilizofuata kijiwe kilihama. Walikwenda kukaa kwa muuza kahawa upande wa pili wa barabara, wakitazamana na kibanda, na Uwesu alisikia mabishano yao bila kuyashika vizuri. Alishona viatu. Alichoumia zaidi si kuchekwa, bali kwamba jibu alikuwa nalo, lote, sahihi kuliko majibu yote aliyowahi kutoa, na ndilo pekee alilopaswa kukaa nalo.

Jumapili, baada ya watu kutoka kanisani, alivaa kanzu safi akaenda Nkuhungu kwa Mwalimu Gerson. Alifunguliwa mlango na mke wa Mwalimu, Paulina, aliyemtambua mara moja kwa sauti alipopiga hodi. Alisimama mlangoni, mkono umeshika fremu.

"Wewe ndiye wa redioni."

"Ndiyo, mama. Nimekuja kuomba radhi. Hata nikiishia hapa mlangoni."

Paulina akapisha. Mwalimu alikuwa sebuleni anasahihisha mitihani. Mtu mwembamba, miwani, soksi zenye tundu. Uwesu alisema yote aliyoyaandaa njiani, na alipomaliza akasema pia kile ambacho hakukiandaa: kwamba Mudrick alianguka kibandani kwake, na kwamba anajua.

Mwalimu Gerson akavua miwani. "Ilikuwa kali?"

"Dakika tatu. Anameza dawa sasa. Mke wangu amempeleka, daktari amembadilishia. Anasema hizi hazimlemei."

"Asante Mungu." Alifuta miwani kwa muda mrefu. "Nilikuwa nafundisha huku nasikiliza kama simu italia na habari zake."

"Ungewaambia hata viongozi, Mwalimu. Wewe una familia. Watoto wa shule wamekudharau."

"Wanafunzi wangu walikuwa wanakuigiza sauti. Mmoja anakupata kabisa, hata ile kukohoa." Akacheka, kisha akawa makini. "Nilimwahidi kijana. Ningetafuta namna ya kueleza nusu, nusu nyingine wangeitafuta wenyewe. Unaijua midomo ya mpira, mzee Uwesu."

"Naijua. Huu wangu ni mmojawapo."

Paulina alileta chai na karanga, akakaa nao. Halafu Mwalimu akasema, kama mtu anayetoa mzigo mwingine kabisa, "Lakini Erick nilikosea."

"Vipi?"

"Kumtoa Mudrick nilikuwa sahihi, na kesho ningemtoa tena. Lakini kumwingiza Erick lilikuwa kosa. Yule mdogo wa Msalato alikuwa ameshapasha misuli. Ningemwingiza yeye, mfumo ungebaki uleule. Ila nilikuwa natazama mlango wa vyumbani, sitazami uwanja. Msaidizi akaniuliza nani aingie, nikataja jina la kwanza lililokuja. Dakika kumi nzima sikujua mpira unakwenda wapi."

"Kuna dada mmoja pale kijiweni alisema hivyohivyo siku ya kwanza," Uwesu akasema. "Nikambishia."

"Basi yeye ndiye aliyestahili kusikilizwa redioni."

Mwalimu Gerson aliomba uhamisho, akapata sekondari moja ya Mpwapwa, nyumbani kwa wazazi wa Paulina. Zabibu Stars walipata kocha mpya. Wiki ya pili ya mazoezi Mudrick alimfuata kocha huyo yeye mwenyewe, akiwa na kapteni pembeni, akamweleza, na akampa barua ya daktari. Wachezaji wenzake aliwaambia mwezi uliofuata. Wawili walianza kukaa mbali naye chumbani. Wengine walijifunza kulaza mtu ubavu, na aliyewafundisha alikuwa Uwesu, kwenye nyasi za mazoezi, Erick akijitolea kuwa mgonjwa na kucheka kwa sababu anatekenywa. Watu wa mjini walizipata habari kidogokidogo, kama habari zote. Wengine walihesabu siku wakaelewa, wengine hawakujisumbua.

Yotham alirudi na kiatu kilichokatika kisigino. Alisalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kama mtu anayepita tu, akakaa juu ya pikipiki hadi kiatu kikaisha. Hakusema ameelewa wala hajaelewa. Kesho yake alirudi bila kiatu. Ritha hakuwa na haja ya kurudi kwa sababu alikuwa amekwishakaa pale na kopo lake tangu siku ya tatu baada ya mkutano. Siku hiyo alikuwa amemwambia, "Nilikuona pale darasani. Wewe si mtu wa kusema hujui. Nikajua unajua. Sitaki uniambie."

Mwezi wa kumi Uwesu alipanda basi kwenda Mpwapwa kununua ngozi, au ndivyo alivyomwambia Salma, ambaye alimfungia na zabibu za kumpelekea Mwalimu. Timu ya shule ilikuwa inacheza na vijana wa mjini, uwanja wa vumbi, mbuzi wawili nyuma ya goli. Mwalimu Gerson alikuwa amesimama kwenye mstari, miwani imeshuka puani. Wanafunzi walikuwa wanaongoza mbili kwa moja. Dakika ya sabini akamtoa winga wa kushoto, aliyekuwa anamtesa beki wa watu, akaingiza kiungo mkabaji.

Mechi iliisha mbili kwa mbili.

Walikwenda kunywa chai kwenye mgahawa wa karibu na stendi. Uwesu alinyamaza hadi kikombe cha kwanza kikaisha.

"Sema," Mwalimu akamwambia. "Nimekuona unavyojikuna tangu pale uwanjani."

"Yule winga ana tatizo lolote la afya?"

"Mzima kabisa."

"Basi Mwalimu, kwa heshima zote, ulimtoa kwa nini?"

Mwalimu Gerson akavuta bakuli la sukari, akalisogeza katikati ya meza, akaweka kijiko upande mmoja na kifuniko cha chupa upande mwingine. "Huyu ni beki wao wa kulia," akaanza. Uwesu akakisogeza kijiko mahali pengine kabla hajamaliza, akasema hapana, beki hakuwa pale, alikuwa hapa. Kondakta wa basi la Dodoma alipaza sauti mara ya kwanza, kisha mara ya pili, na ilibidi aje mpaka mlangoni mwa mgahawa kumwita mzee mwenye mzigo wa ngozi.